Unga wa Siku ya Saba

8 Septemba, Jumapili

Witness, hiyo miguu yako umeikodisha kwa nani? Tangu Pasaka hujakanyaga Chilangala. Kutoka Mtwara mpaka hapa gari linaondoka asubuhi na mchana limefika, lakini wewe salamu zako unampa kondakta. Naye ananirushia dirishani pamoja na kifurushi cha dagaa: "Bibi, mjukuu wako anakusalimu!" Kabla sijafunua mdomo gari limeshaondoka. Marahaba namwitikia nani, vumbi? Nikikupigia unasema, "Bibi, niko jikoni, wateja wamejaa, nitakupigia baadaye." Hupigi. Baadaye yako ina mvi kuliko mimi.

Basi nimeamua. Nimetoa sandukuni daftari lako la kidato cha pili, lile lenye mchoro wa chura aliyepasuliwa tumbo, nimeligeuza nyuma, na humu nitakusemea yote mpaka msimu wa korosho uishe. Ukija utalisoma, na utalisomea hapa mbele yangu nikuone uso.

Mwandiko usiucheke. Mimi shule sikuiona hata mlango. Herufi nilifundishwa na marehemu babu yako, kwa kijiti, hapo uwanjani, akitoka kuwafundisha watu katekisimu. Nikikosea anafuta kwa wayo, anasema, "Anza tena, mke wangu." Nimeanza tena sana. Ndiyo maana herufi zangu zinatembea kama kuku.

Korosho zimeanza kuanguka.

11 Septemba

Debe moja na nusu. Mgongo unauma. Hujapiga.

14 Septemba

Debe mbili. Hujapiga.

21 Septemba, Jumamosi

Umepiga! Umepiga wewe mwenyewe, hukusema uko jikoni. Umesema una mchumba, anaitwa Dunstan, mtu wa Lupaso kule Masasi, anatengeneza majokofu na mitambo ya barafu hapo Mtwara. Nikakuuliza anakula? Ukacheka. Mimi sikuuliza kwa mzaha. Mwanaume asiyekula huwezi kumjua hasira zake.

Nimekwenda kumwambia Rukaiya nyumba ya pili. Alikuwa anabangua korosho, akatupa jiwe, akapiga vigelegele mpaka mbuzi wake wakakata kamba. Rukaiya ni mtu wa msikitini na mimi wa kanisani, lakini tulichezwa unyago mwaka mmoja, mkeka mmoja. Furaha yangu hainikolei mpaka ameipigia kelele.

5 Oktoba, Jumamosi

Mmekuja, mmekaa, mmeondoka. Nyumba bado inanukia sabuni yako.

Nimempenda, nisikufiche. Aliinama mpaka kofia ikaanguka. "Shikamoo, Bibi." Nikamwitikia, "Marahaba, mume wetu. Mbona mwembamba? Tutagawana nini mimi na Witness?" Wengine hapo wanaona haya. Yeye akasema, "Bibi, wewe mkubwa, chagua kwanza." Nikajua tumepata mtu.

Mlikula ugali wa muhogo na kisamvu, mjomba wako Bernard alikuja kutoka Mkunya kama inavyotakiwa, maana mama yako Getrude hayupo duniani na yeye ndiye mdogo wake. Mkapanga ndoa tarehe thelathini Novemba, kabla kanisa halijaingia Majilio. Yote yakaenda vizuri. Halafu ukasema, "Bibi, tukishafunga ndoa tunakwenda fungate Mafia."

"Mafia kwa nani?"

"Hakuna mtu, Bibi. Hotelini."

"Fungate mahali pasipo na mtu? Nani atawapikia uji? Nani atawasemea mkigombana?"

Ukanionyesha simu. Nikaona kitanda kimemwagiwa maua, na juu yake taulo zimekunjwa zikawa mabata mawili yanabusiana. Nikauliza hayo maua anaokota nani asubuhi. Nikaona na ukuta wa kioo, na nje yake bahari. Yaani mtu anavua nguo bahari inamtazama. Sisi hapa Newala maji tumeyafuata bondeni toka tumezaliwa, tunapanda nayo mlima kichwani, ninyi mnasafiri siku mbili kwenda kutazama maji yasiyonyweka!

Dunstan alicheka. Wewe ulicheka. Bernard hakucheka, alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Nilidhani tumbo.

Ndipo nikasema langu. Somo wako ni mimi, Witness. Mama yako angekuwepo tungemtafuta mwingine, lakini nimekulea mimi na kukufunda mimi. Fungate ya kwetu unaijua: siku saba mwali hapiti mlango wa mbele, hampi mgeni mkono, hashiki mwiko. Somo analala ukuta wa pili. Siku ya saba anamwosha mwali miguu kizingitini, anampaka unga wa mtama kwenye paji la uso, anampa mwiko, anamtoa kwa mlango wa mbele. Hapo ndipo anakuwa mwanamke mwenye nyumba. Asipotolewa na somo wake, ni mwali bado, hata akae mwaka.

"Kwa hiyo," nikasema, "tunakwenda watatu."

Wewe ulimtazama Dunstan, Dunstan akaitazama kofia yake. Kisha akasema, "Sawa, Bibi. Nitaulizia kitanda."

Mlinyamaza kwa furaha, nilivyoona mimi.

6 Oktoba

Rukaiya kanicheka mpaka kakaa chini. "Shoga, wewe unakwenda fungate? Hotelini? Utavaa nini huko, na wenzako wanatembea na sidiria ufukweni?"

"Nitavaa kanga zangu mbili na kiburi changu."

"Na mume wa watu akitaka kumshika mkewe mkono, wewe uko katikati na karai?"

"Nitageukia ukuta. Nimegeukia kuta nyingi."

10 Oktoba

Debe tatu. Nimetwanga mtama wa fungate kwa mkono, si mashine. Mashine inaunguza unga. Nimeupepeta mara mbili, nimeushonea mfuko kwa kitambaa cha gauni la mama yako.

13 Oktoba

Nimenunua ndala mpya za safari. Nyekundu. Usiniulize kwa nini nyekundu.

19 Oktoba, Jumamosi

Mume wetu amepiga yeye mwenyewe. Kitanda changu kimepatikana, chumba kidogo nyuma ya jiko. Hoteli inauliza Bibi anakula nini. Nimesema chochote ambacho hakinitazami kwenye sahani. Inauliza pia kama Bibi anaogopa boti. Nimesema aulize boti kama inaniogopa. Alicheka, lakini kicheko chake kilikatika kabla ya mwisho, kama redio yenye betri mbovu. Nimekifikiria mpaka nimeunguza mboga.

20 Oktoba

Fundi amemaliza kupiga bati chumba cha upande wa kulia. Hujakiona. Sikukuambia, nilitaka mkione mkitoka kisiwani. Dirisha mbili, sakafu ya saruji. Wanaume wa kwetu huja kwa mke. Babu yako alihamia hapa na jembe moja na godoro la sufi, na mikorosho hiyo yote ya mashariki aliipanda yeye, juu ya ardhi ya mama yangu. Mikorosho ya mama yako ni yako. Hata mizizi inalijua jina lako.

27 Oktoba, Jumapili

Kuna kitu kinanikwaruza. Fundi wa majokofu anapata wapi siku saba za kulala kwenye ukuta wa kioo? Nimemuuliza Bernard baada ya ibada. Akasema, "Mama, wana bahati, wamepewa." Nikamuuliza nani anampa mtu kisiwa. Akakumbuka ana mtu anamngoja Mkunya.

Bernard tangu mdogo akidanganya anasugua sikio. Alisugua sikio.

3 Novemba

Umekuja kuchukua kipimo cha gauni, umelala siku moja. Nilikuwa nachambua mchele mlangoni, nikakuona unafungua sanduku. Ukatoa cheti cha kuzaliwa. Ukatoa cha kidato cha nne. Ukatoa kile cha upishi ulichopewa Mtwara, ukavipanga kwenye bahasha. Halafu ukatoa blanketi la mama yako.

"Mafia kuna joto," nikasema. "Blanketi la nini?"

"Kumbukumbu tu, Bibi."

"Na cheti cha kuzaliwa? Wale wenye kitanda cha maua hawaamini kwamba umezaliwa?"

Ukaja ukanikalia miguuni kama zamani, ukaanza kuchambua mchele na mimi. Nami sikuuliza mara ya pili. Mimi! Mwanamke aliyemuuliza padri mbele ya watu kwa nini mahubiri yake hayaishi.

4 Novemba

Umeondoka. Korosho nyingi zimelala chini. Mikono michache.

9 Novemba

Mawingu. Mapema mno.

10 Novemba, Jumapili

Mvua. Mvua yenyewe, si manyunyu. Korosho zikilowa chini siku mbili zinapata weusi, na korosho nyeusi ghalani wanaitazama kama mkojo wa paka. Nimeokota huku inaninyeshea. Mvua haina mdomo ningegombana nayo.

11 Novemba

Mvua.

12 Novemba

Mvua. Nimeokota debe moja, nusu yake mbovu. Mabibo yameoza chini, inzi wana sherehe yao.

13 Novemba, Jumatano

Leo nitaandika mpaka wino unikatalie.

Asubuhi nimesikia hodi, nikamkuta Dunstan, peke yake, suruali imekunjwa magotini, mkononi ndoo. "Shikamoo, Bibi. Nimesikia mvua imekuwahi. Nimekuja kuokota." Hakuna aliyemtuma. Zamani mkwe alikuwa lazima aje kulima kwa wakwe ndipo apewe mke, siku hizi wanatuma pesa ya simu. Huyu kapanda gari toka Mtwara kuja kuinama kwenye tope.

Nikampa chai na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini. Anakula, Witness. Anakula vizuri. Nikaona nisingoje siku ya kisiwa, nikamshika mkono nikamwonyesha chumba cha bati. Nikafungua dirisha zote mbili. Nikamwambia, "Hapa kitanda, hapa kabati, hapa mtoto akizaliwa." Alisimama mlangoni, hakuingia. Nikadhani miguu yake ina tope anaona haya.

Tukaenda shambani. Korosho iliyolowa inang'ang'ania bibo lake, unaipindua mpaka kidole kinachubuka. Tulikuwa mti wa tatu, akasema, "Bibi, nina neno."

"Lete, lakini mikono isisimame."

"Zile siku saba hatulipi. Hoteli inatupa. Wamenichukua kazi, mimi kwenye mitambo ya barafu, Witness jikoni. Siku saba tunalala kama wageni, siku ya nane tunaanza kazi. Mkataba wa miaka miwili."

Niliendelea kupindua korosho. Ile niliyoshika ilikuwa imeshatoka, nikaendelea kuipindua.

"Nani anajua?"

"Mjomba Bernard. Alisema atakuambia yeye."

"Witness?"

"Witness alisema ukijua hutakula. Kila siku anasema kesho nitampigia Bibi nimwambie."

"Na wewe umetumwa na nani kusema?"

"Sijatumwa. Nilikuja nikiwa nimeapa nisiseme. Lakini umenipa chai, halafu ukafungua zile dirisha. Nimeshindwa, Bibi."

Nilitaka kumtukana. Nina matusi ya Kimakonde ambayo hata Rukaiya huyaomba mara mbili ayakariri. Yalinijia yote, yakafika mdomoni, yakamtazama yule mtoto wa watu na vidole vyake vinavyotoka damu, yakarudi tumboni. Nikasema, "Okota." Akaokota. Tuliokota mpaka ndoo nne zikajaa. Alipoondoka nilimpa maboga mawili ampelekee mama yake Lupaso. Mtu ananichukulia mtoto nami nampa maboga. Niambie, nina akili mimi?

Na mvua imekatika. Sasa ndiyo imekatika.

14 Novemba

Umepiga mara tisa. Sikupokea. Mara ya kumi nimepokea nikakusikia unalia, ikawa tunalipia kilio. Halafu nikasema, "Nimekula." Nikakata. Ni kweli nilikula. Usifikiri una nguvu za kuninyima ugali.

15 Novemba, Ijumaa

Nimekwenda Mkunya kwa miguu, hasira hazikai kwenye kiti cha pikipiki. Bernard nimemkuta anaanika korosho. Aliponiona akashika sikio.

"Liache sikio," nikamwambia. "Mimi ni mama yako au mpangaji wako?"

"Mama, nilitaka harusi ipite kwanza."

"Wewe ndiye mjomba. Sema hapana. Neno lako moja tu, wanabaki."

"Sisemi, Mama."

"Kwa nini?"

"Mikorosho yetu imezeeka. Mvua ikija siku tatu tu, msimu umekwenda. Unataka Witness abaki aokote mpaka mgongo wake uwe kama wako?"

"Mgongo wangu huu ndio umekulisha!"

"Ndiyo, Mama," akasema. "Ndiyo maana."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nimetembea nayo yote kurudi Chilangala, na bado ninayo. Mwanangu Bernard nilimwona mlegevu miaka yote. Leo amesimama, na amesimama kunipinga mimi.

17 Novemba, Jumapili

Nimemfuata Padri Nikolao baada ya ibada, nikamtaka akatae kufunga ndoa mpaka mwape kwamba mtakaa hapa. Akasema, "Mama Getrude, kanisa linafunga ndoa, halifungi barabara."

Nikamwambia mahubiri yake bado marefu.

20 Novemba

Rukaiya anasema niseme naumwa. "Lala chali, shoga, ugune. Hawataondoka." Nikajilaza kujaribu, nikaguna. Kuku wangu mwekundu akaja akanitazama kwa jicho moja, nikaona aibu, nikaamka.

23 Novemba

Debe mbili. Korosho safi. Za nini.

28 Novemba

Wageni wa Lupaso wameanza kufika. Nyumba imejaa masufuria ya watu. Umefika jana, tunapishana mlangoni kama watu waliogombania shamba. Leo umesema, "Bibi, bado unakuja na sisi, si ndiyo? Tiketi yako tumekata." Nikasema, "Unga nimeshatwanga." Ukanikumbatia toka nyuma, mikono yangu ikiwa ndani ya maji ya mchele, sikuweza kukushika.

30 Novemba, Jumamosi

Umeolewa. Haikunyesha. Gauni lilikupendeza hata kama mgongo ulikuwa wazi kama mlango wa duka. Nilicheza mpaka ndala nyekundu moja ikakatika kamba. Rukaiya kapika pilau ya watu mia mbili, kala mtu wa mia mbili na moja, ambaye ni yeye. Bernard alipokukabidhi alilia waziwazi. Sikulia. Niliangalia chumba cha bati. Watu wa Lupaso wametundika makoti yao humo.

2 Desemba, Jumatatu

Ninaandika mchana. Ningekuwa barabarani saa hizi.

Asubuhi tulifika stendi Newala. Nilikuwa na karai, mfuko wa unga, mwiko mpya wa mti, ndala iliyoshonwa kwa uzi. Dunstan alinishika mkono nipande. Mguu mmoja nilishauweka kwenye ngazi ya basi, Witness, nataka ulijue hilo. Mguu mmoja ulipanda.

Hapo nikaona siku ya saba. Nikajiona nimechutama kwenye kizingiti cha watu, bahari inanitazama kwa kioo, nakuosha miguu. Nakupaka unga. Nakupa mwiko. Nakutoa kwa mlango wa mbele, na kesho yake huo mwiko unaanza kupikia wageni. Nikaona kwamba ni mimi, kwa mkono wangu, nitakayekikabidhi kisiwa mjukuu wangu. Mjomba amekataa kukuzuia, padri amekataa, mvua imeshindwa. Mimi nisiyekuwa na nguvu ya kuzuia hata kuku asiingie jikoni, nina hicho tu kilichobaki mkononi: unga. Nisipokutoa, hujatoka. Wewe ni mwali wangu bado.

Nikaushusha mguu.

"Bibi, panda!" Ulitoa kichwa dirishani, kichwa na shela yako ya harusi. "Bibi, panda bwana, gari linaondoka!"

"Siendi," nikasema. "Unga unabaki. Ukiutaka, unajua ulipo."

Ulinielewa. Nilikuona ulivyonielewa. Dunstan hakuelewa, alikuwa anashuka anifuate, kondakta akamvuta shati. Basi likaondoka. Yule yule kondakta wa dagaa.

Rukaiya alikuwa nami. Tulirudi pamoja mpaka nyumbani. Kisha akasema, "Shoga, umemfunga mtoto."

3 Desemba

Siku ya kwanza. Mmelala njiani.

4 Desemba

Siku ya pili. Umepiga. Boti ilikutapisha. Chumba kizuri. Mabata ya taulo yapo kweli.

5 Desemba

Siku ya tatu. Umesema mmeletewa papai limekatwa kama nyota. Hukusema kitu kuhusu unga. Nami sikusema.

6 Desemba

Siku ya nne. Mvua imerudi, sasa ya kweli.

7 Desemba

Siku ya tano. Dunstan amepiga. "Mke mkubwa, umetususa?" Nikamwambia asile samaki mwenye macho.

8 Desemba, Jumapili

Siku ya sita. Sikwenda kanisani. Nimeangalia mfuko wa unga.

9 Desemba, Jumatatu

Siku ya saba. Asubuhi nilichemsha maji nikayatia kwenye karai, nikaenda kukaa kizingitini. Sijui nilitaka nini. Nilikaa na maji yale mpaka yakapoa. Rukaiya alipita na kuni, akaniona, akazitua, akaja akakaa. Halafu akaweka mguu wake ndani ya karai, mguu ule mzee wenye nyufa, akasema, "Yasiende bure." Nikamwosha.

10 Desemba

Umepiga unakimbia. Umesema umevaa sare, una kofia nyeupe kichwani, mpishi mkuu amekupa mwiko wake.

Amekupa mwiko.

Nimefunga daftari, nimefungua tena. Nilidhani kuna kitu nimekishika. Huko umeshaingia jikoni, umeshampa kila mtu mkono, umeshapewa mwiko na mtu nisiyemjua jina. Mimi nimeketi hapa na mfuko wa unga kama mtu aliyeshika kamba ambayo ng'ombe wake amekwenda zake.

17 Desemba

Korosho za mwisho. Nusu debe.

25 Desemba

Sikukuu. Hukuja. Kondakta amenirushia kanga dirishani. "Bibi, mjukuu wako anakusalimu!" Kanga nzuri. Sijaivaa.

29 Desemba

Mende wadogo wa unga. Nimeuanika juani, nimeupepeta upya. Bado mweupe.

4 Januari, Jumamosi

Leo umepiga hukuwa na haraka. Umesema mvua imewafungia, wageni wachache. Tukaongea kuhusu Bernard na mbuzi wa Rukaiya. Nikakuuliza kile chumba cha kioo bado kizuri? Ukasema hamkai huko tena, mnakaa nyuma ya jiko, kile chumba kidogo.

"Kile kilichokuwa changu?"

"Hicho hicho, Bibi." Ukacheka kidogo. "Na mlango wa mbele haturuhusiwi. Wafanyakazi tunapita nyuma. Juzi nilisahau nikapita mbele na kikapu cha mikate, msimamizi akanirudisha mbele ya wageni."

Ulisema kama mzaha. Kisha ukasema, polepole, "Nilikumbuka unga, Bibi."

Nikasema mtandao unakata. Haukuwa unakata.

5 Januari, Jumapili

Msimu umeisha, daftari limebaki kurasa mbili, upande wa pili chura wako ananingoja.

Witness, nilitaka ubaki mwali mpaka urudi. Sasa kuna watu hawakujui, hawajakulea, hawajakutwangia hata punje, wamekuweka kwenye mlango wa nyuma, na miaka miwili watakuweka hapo. Siwezi kuja kugombana nao. Siwezi kuwafuta kwa wayo. Hasira niliyonayo haina nauli ya kufika huko. Lakini sitakuwa mmoja wao.

Ile desturi niliyokufundisha inasema mwali asiyetolewa akija anazunguka nyuma ya nyumba, amejifunika, ananyamaza. Ndivyo nilivyokuwa nimepanga uje. Nilishaona kichwani: unazunguka kwa aibu, unapiga magoti jikoni, unaniomba. Nilifurahia kuiona, Mungu anisamehe.

Iache desturi hiyo. Ukija, usizunguke. Ushuke kwa yule kondakta mjinga, upite katikati ya uwanja mchana kweupe, kichwa wazi, na mume wetu nyuma yako na mizigo, usipige hodi, uje moja kwa moja mlango wa mbele. Karai litakuwa kizingitini, na unga mkononi mwangu. Ukifika, vua viatu, weka mguu wa kulia kwanza.